Pikapu ya mtumba: Kasoro ni ya kiwandani, hasara ni ya mkulima

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, kwa kawaida mwezi Mei, barabara ya Mwanza kwenda Musoma inayopita Nassa, wilayani Busega, hujaa magari. Malori makubwa hubeba pamba kutoka maghala ya vyama vya msingi kwenda kwenye viwanda vya kuchambua. Kazi ndogo ndogo zinazoiwezesha biashara ya kijiji kwenda zimebaki kwa pikapu: mbegu na dawa, mpunga, dengu, dagaa wa Ghuba ya Speke, saruji, mabati, na siku ya mnada hata mbuzi na watu juu ya mizigo.

Nyingi ya pikapu hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Nyingine zimepita mikononi mwa wamiliki wawili au watatu hapa hapa nchini kabla ya kufika Nassa. Mnunuzi huwasha injini na kusikiliza mlio, huangalia moshi, hujaribu gia, hupiga teke tairi na kuomba kadi ya gari. Swali moja ni nadra kuulizwa: je, gari hili liliwahi kuchunguzwa na serikali ya nchi lilikotoka, au kuitwa na kiwanda lirekebishwe kwa sababu ya kasoro ya usalama?

Swali hilo si la watu wa mjini peke yao. Kwa mkulima aliyeuza ng'ombe na pamba ya misimu miwili ili apate usafiri wake mwenyewe, pikapu ndiyo akiba, ndiyo benki na ndiyo ajira ya kijana wake. Kasoro iliyotoka kiwandani miaka 20 iliyopita inaweza kuimeza akiba yote hiyo kwa siku moja, pamoja na maisha ya dereva.

Malalamiko ndiyo mwanzo

Nchini Marekani kazi ya kuchunguza kasoro za magari hufanywa na mamlaka ya serikali inayofahamika kwa kifupi kama NHTSA, ambayo chimbuko lake ni sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966. Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Mwenye gari akipata tatizo, huandika malalamiko. Malalamiko ya aina moja yakirundikana juu ya gari la aina moja, mamlaka hufungua uchunguzi wa awali. Dalili zikionekana kuwa nzito, wahandisi huingia kazini. Mwisho wake kiwanda huamriwa, au huamua chenyewe, kuwaita wenye magari ili yatengenezwe bure.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uchunguzi mwingi wa aina hii huanza na mtu wa kawaida aliyesema: "Gari langu limeharibika hivi." Wapo wengine mia waliosema hivyo hivyo, na ipo ofisi iliyoziweka kauli hizo mahali pamoja na kuzihesabu.

Mfano unaojulikana sana ni wa pikapu za kampuni ya General Motors zilizotengenezwa kati ya mwaka 1973 na 1987. Matangi ya mafuta ya magari hayo yaliwekwa ubavuni, nje ya vyuma vikuu vya chasisi. Gari likigongwa ubavuni, tangi lilikuwa katika hatari ya kupasuka na kuwaka moto. Uchunguzi ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1992, wakati magari ya mwanzo yalikuwa na umri wa karibu miaka 20. Mwaka 1993 mamlaka iliiomba kampuni iyaite magari hayo. Kampuni ilikataa, ikisema kwamba pikapu zake zilitimiza viwango vya serikali vilivyokuwapo wakati zinatengenezwa.

Oktoba 1994, Waziri wa Uchukuzi wa Marekani wakati huo, Federico Peña, alitangaza kwamba magari hayo yalikuwa na kasoro, na kwamba watu wapatao 150 walikufa kwa moto katika ajali ambazo vinginevyo wangeweza kupona. Hata hivyo, Desemba mwaka huo huo serikali na kampuni zilifikia makubaliano. Kampuni ilikubali kutoa zaidi ya Dola za Marekani milioni 51 kwa ajili ya programu za usalama, na magari hayakuitwa. Katika kesi ya madai iliyofunguliwa na wenye magari, pendekezo mojawapo lilikuwa kuwapa hati ya punguzo la Dola 1,000 wanaponunua pikapu mpya. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ililikataa pendekezo hilo.

Mkulima yeyote anaweza kuliona tatizo la punguzo la namna hiyo. Mtu anayeendesha pikapu ya miaka 20 anaiendesha kwa sababu hana fedha ya kununua mpya. Ukimpa punguzo la gari jipya hujamsaidia, na gari lake bovu unamwachia pale pale.

Chasisi inayooza kutoka ndani

Mfano wa pili unahusu kutu. Pikapu za Toyota aina ya Tacoma za kati ya mwaka 1995 na 2000, zilizouzwa Amerika ya Kaskazini, zilibainika kuwa na chasisi ambazo hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Katika majimbo ya baridi barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chumvi hiyo iliingia ndani ya vyuma vya chasisi na kuvila hadi vikatoboka. Mwaka 2008 kampuni iliongeza muda wa dhamana ya chasisi za magari hayo kuwa miaka 15. Magari yaliyoonekana hayatengenezeki iliyanunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake ya sokoni.

Oktoba 2009, NHTSA ilifungua uchunguzi juu ya ndugu yake mkubwa, Tundra ya mwaka 2000 na 2001. Wenye magari walikuwa wakilalamika kwamba tairi la akiba, linaloning'inia chini ya gari kwa nyuma, lilikuwa likidondoka barabarani kwa sababu chuma kilicholishikilia kimeoza. Kutu ilitishia pia mabomba ya breki yanayopita eneo hilo. Mwezi uliofuata kampuni iliyaita magari yapatayo 110,000 katika majimbo ya baridi. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi nyingine ya kutu, iliyohusu magari yapatayo milioni 1.5 ya miaka ya baadaye, kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia Dola bilioni 3.4.

Tacoma na Tundra si magari ya kawaida Nassa. Lakini kutu haichagui jina la gari. Uingereza nayo humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na mikoa ya kaskazini ya Japan pia. Gari lililofanya kazi huko miaka 10 huja na kutu yake. Likifika hapa hupigwa rangi, likang'aa, na mnunuzi akaridhika. Baadaye hubebeshwa dagaa wabichi na magunia ya chumvi, maji yenye chumvi yakachuruzika chini ya bodi, na kazi iliyoanzia ng'ambo ikaendelea Nassa.

Mfuko wa hewa uliogeuka kombora

Mfano wa tatu unazihusu zaidi nchi za joto. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japan ilifungwa katika magari ya kampuni nyingi duniani. Mfuko huo hukaa katika usukani au dashibodi, na hujaa hewa ghafla gari linapogonga ili kumkinga mtu. Kinachoujaza ni mlipuko mdogo wa kemikali ndani ya kopo la chuma. Takata ilitumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu huharibika. Siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo likapasuka na vipande vya chuma vikamrukia dereva usoni na shingoni.

Wito wa kurekebisha mifuko hiyo umekuwa mkubwa kuliko mwingine wowote katika historia ya magari, ukihusu makopo zaidi ya milioni 100 duniani. Juni 2017 Takata iliomba kinga ya mufilisi. Januari 2018 kampuni ya Ford iliwatangazia wenye pikapu zake za Ranger za mwaka 2006 zipatazo 2,900 kwamba wasiziendeshe kabisa, baada ya mtu wa pili kufa ndani ya pikapu ya aina hiyo. Pikapu hizo zilikuwa na umri wa miaka 12, yaani umri ambao kwa soko la hapa gari bado huitwa "mpya".

Hata Hilux, pikapu inayoaminiwa kuliko nyingine katika Kanda ya Ziwa, imewahi kuitwa. Aprili 2014 Toyota ilitangaza wito wa magari milioni 6.39 duniani kwa kasoro mbalimbali. Moja ya kasoro hizo ilikuwa waya wa ndani ya usukani unaoweza kukatika, ukasababisha mfuko wa hewa wa dereva ushindwe kufanya kazi. Hilux za miaka kadhaa zilikuwa miongoni mwa magari yaliyoguswa.

Kwa nini wito haufiki Nassa

Sababu ya kwanza ni safari ya gari lenyewe. Kiwanda hutuma barua kwa mmiliki anayejulikana katika daftari la nchi gari lilikouzwa likiwa jipya. Gari likishapakiwa melini, barua huenda kwa mtu asiyelimiliki tena. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japan na Marekani, na takriban asilimia 40 yake yalikuja Afrika. Kila moja la magari hayo liliacha nyuma anwani ambayo kiwanda kiliitegemea.

Sababu ya pili ni aina ya ukaguzi. Magari yaliyotumika yanayoingia nchini hukaguliwa kwa viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukaguzi huo, ufanywe ng'ambo na wakala au ufanywe Dar es Salaam kama ilivyoanza kufanyika mwaka 2021, huangalia hali ya gari siku ile: breki, taa, tairi, usukani, moshi. Kopo la mfuko wa hewa lililoharibika ndani halionekani kwa ukaguzi wa macho. Linajulikana kwa namba ya chasisi tu, iwapo namba hiyo italinganishwa na orodha ya kiwanda.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba malalamiko ya hapa hufia gereji. Springi zikikatika, fundi huongeza nyingine. Chasisi ikipasuka, huchomelewa. Bomba la breki likitoboka, hubadilishwa na safari ikaendelea. Ikitokea ajali, aghalabu huandikwa kwamba chanzo ni mwendo kasi, uzembe wa dereva au mzigo kupita kiasi. Mara nyingi ni kweli. Lakini pikapu tano za aina moja zikipasuka chasisi mahali pale pale, Magu, Lamadi, Bariadi, Maswa na Nassa, mafundi watano watazichomelea na hakuna atakayejua kwamba zilikuwa tano.

Hasara ya kutohesabu ilionekana dunia nzima katika sakata la tairi za Firestone zilizofungwa kwenye magari ya Ford Explorer, ambayo asili ya chasisi yake ni pikapu ya Ranger. Tairi hizo zilianza kuchanika katika nchi za joto, zikiwamo Saudi Arabia na Venezuela, kabla Wamarekani hawajapata habari. Mwaka 1999 Ford ilibadilisha tairi kwa wateja wake wa Saudi Arabia, na Agosti 2000 ndipo tairi milioni 6.5 zilipoitwa Marekani. Baada ya hapo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozilazimisha kampuni kuripoti pia kasoro zinazojitokeza nje ya nchi hiyo. Maana yake ni kwamba lalamiko la nchi ya joto lina thamani, ilimradi liandikwe na lifike.

Hesabu ya mfanyabiashara mdogo

Chukua mfano wa hesabu tu. Mfanyabiashara ananunua pikapu kwa Sh 15 milioni. Kwa wiki anafanya safari nne, na kila safari inamwachia Sh 40,000 baada ya mafuta na dereva, sawa na Sh 160,000. Chasisi ikimkatikia katikati ya msimu na gari likakaa gereji wiki tatu, amepoteza Sh 480,000 za safari. Ongeza matengenezo ya Sh 1.2 milioni, na mzigo wa mteja wa Sh 600,000 ulioharibika njiani. Jumla ni Sh 2,280,000, au mapato ya zaidi ya wiki 14. Kama bima yake ni ile ndogo ya kulinda watu wengine, gari lake mwenyewe halilipiwi hata shilingi.

Upande wa pili, kumlipa fundi Sh 50,000 alinyanyue gari, agongegonge chasisi yote kwa nyundo ndogo, achokonoe viungio vya springi na kukagua mabomba ya breki, ni chini ya mapato ya safari mbili. Kuitafuta namba ya chasisi kwenye mtandao wa kiwanda gharama yake ni kifurushi cha simu. Kwa hesabu hiyo, ukaguzi ni sehemu ya bei ya gari, kama ilivyo kodi ya kuliandikisha kwa jina la mnunuzi.

Umri na kasoro ni mambo mawili

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku magari ya zamani. Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia yanayozidi miaka 15. Tanzania haijaweka ukomo wa umri, ingawa gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi.

Hoja ya umri ina uzito kwa upande wa moshi na uchakavu. Kwa kasoro za kiwandani inapungukiwa. Tangi la General Motors lilikuwa mahali pabaya tangu siku ya kwanza. Chasisi ya Tacoma ilitoka kiwandani bila kinga ya kutosha. Gari la miaka saba lenye mfuko wa Takata usiobadilishwa laweza kuwa hatari kuliko la miaka 20 lisilo na mfuko wowote. Aidha, marufuku ingepandisha bei ya pikapu, na mkulima wa Nassa angerudi kumtegemea mwenye lori, ambaye hupanga nauli anavyotaka wakati mazao yakiwa barabarani.

Kinachohitajika kwanza ni taarifa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), ina sehemu inayohusu usalama wa bidhaa kwa mlaji. TBS inazo namba za chasisi za magari inayoyakagua, na Mamlaka ya Mapato inazo za magari yote yaliyosajiliwa. Kuzilinganisha namba hizo na orodha za wito zinazotangazwa na serikali za Japan, Uingereza na Marekani ni kazi ya kompyuta. Mwenye gari angeweza kupata ujumbe wa simu, kama anavyopata wa kodi.

Nini kifanyike sasa

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo ambayo mkulima na mfanyabiashara wanaweza kuyafanya wenyewe. Kabla ya kulipa, namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye kadi pekee, na zote mbili zilingane. Namba yenye tarakimu na herufi 17 inaweza kutafutwa katika mitandao ya kampuni na ya NHTSA, ambayo hujibu kuhusu magari ya soko la Marekani. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan huwa na namba fupi zaidi, nayo hutafutwa kwenye mtandao wa kampuni huko Japan. Asiyejua lugha amtume wakala aliyeagiza gari, na jibu liwe la maandishi kabla fedha haijatoka.

Pili, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi isipuuzwe. Ikiwaka muda wote, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa unapofungua swichi, huenda mtu ameing'oa balbu ili kuficha. Usukani wa mtumba wenye mfuko wa hewa usinunuliwe dukani bila kujua umetoka gari gani. Fundi wa kawaida asiufungue, kwa kuwa ndani yake mna kilipuzi.

Tatu, chasisi iliyotobolewa na kutu isichomelewe juu ya kutu. Chuma kibovu kikatwe hadi kifikiwe kizima, na kama eneo ni la springi au usukani, gari lipumzishwe mpaka lipatikane jibu la kudumu. Anayebeba dagaa au chumvi aoshe chini ya gari kwa maji safi baada ya safari.

Nne, vyama vya msingi vya ushirika na vikundi vya wasafirishaji vifungue daftari moja. Kila pikapu inayopata hitilafu ya breki, usukani, chasisi, moto au mfuko wa hewa iandikwe: aina, mwaka, namba ya chasisi, kilichoharibika na tarehe. Mwisho wa msimu nakala ipelekwe ofisi ya TBS Kanda ya Ziwa, Mwanza, na nyingine FCC. Lalamiko la mtu mmoja linaweza kuwekwa kando. Kurasa 10 zenye hitilafu ile ile, zikiwa na namba na tarehe, ni vigumu kuziweka kando.

Uchunguzi wa Tundra ulianzia kwa watu walioona tairi la akiba likidondoka na wakaandika. Katika gereji za Nassa mambo kama hayo huonekana kila msimu. Daftari la shilingi 2,000 na kalamu vinatosha kuanza.